Likide ya radiatere: uchague muzuri, uchunge muzuri



Labda utajiuliza: musaidizi wa munganga anatafuta nini katika mambo ya motere? Hiyo si kazi ya mekanisie? Sikiliza kwanza. Ile maji ya rangi ya radiatere iliniletea wagonjwa wa namna mbili: shofere aliyeungua uso, na mutoto wa miaka 4 aliyekunywa likide katika chupa ya limonadi. Ndiyo sababu nilikwenda kuuliza wamekanisie, na leo ninakuelezea yote pamoja.

MAJI MATUPU HAYATOSHI

Wengi wetu hapa Kamina wanasema: «Antigeli ni ya Ulaya, kwenye barafu. Kwetu maji hayagandi, basi maji ya kisima yanatosha.» Kweli, hayagandi. Lakini kazi ya likide si barafu tu.

Kwanza, inachelewesha kuchemka. Kamina iko karibu metre 1,100 juu ya bahari. Kwa hiyo maji katika sufuria ya mama hayangoji degre 100. Yanachemka kwenye degre 96 hivi. Ukichanganya maji na antigeli nusu kwa nusu, unapata karibu degre 7 zaidi mbele ya kuchemka. Katika joto la mwezi wa 9 na wa 10, na muzigo mugongoni, hizo degre 7 ni kitu.

Pili, inazuia kutu. Katika motere ya mazuti, chemize zinatetemeka, na povu ndogo-ndogo zinapasuka juu ya chuma na kukitoboa kidogo kidogo. Dawa iliyo ndani ya likide inalinda chuma hicho. Maji ya kisima hayana dawa hiyo. Mara nyingi yanaleta chokaa, ambayo inashika ndani ya radiatere kama vile inavyoshika ndani ya birika.

NAMNA YA KUCHAGUA

1. Soma kitabu cha motokari yako. Usichague kwa rangi. Kijani, nyekundu, bluu: kila kiwanda kinajitilia rangi yake, hakuna sheria moja ya rangi.

2. Usichanganye aina mbili. Aina ya zamani inalinda kwa silikati, na inabadilishwa kisha miaka 2 hivi. Aina mupya inalinda kwa asidi za oganiki, na inaweza kufika miaka 5. Ukizichanganya, ulinzi unapunguka, na mara ingine likide inakuwa nzito kama uji na kuziba njia. Kama hujui ndani mna nini, mwanga yote, sukutua, anza upya.

3. Angalia maandishi ya bidoni. Ikiandikwa «prêt à l'emploi», tia vile ilivyo. Ikiandikwa «concentré», lazima uchanganye na maji. Usizani kama kutia antigeli tupu ni bora: peke yake inabeba joto vibaya kuliko maji.

4. Changanya na maji yaliyosafishwa, yasiyo na chokaa, kama yale ya kuongeza katika batri. Lakini angalia: si asidi ya batri! Ukikwama katika njia ya Kaniama ao ya Luena, tia maji safi yoyote ili ufike, kisha uyamwange garajini.

KIFUNIKO CHA MOTO

Yule shofere aliona mvuke, akasimama, akafungua kifuniko palepale. Ndani, maji yanabanwa. Yanapita degre 100 bila kuchemka. Ukifungua, yanachemka yote mara moja na kukurukia. Zima motere, ungoja nusu saa ao zaidi, mpaka uweze kushika tiyo ya juu kwa mukono mutupu. Kisha funika kwa kitambaa kinene, geuza polepole, uso mbali.

Mutu akiungua: maji safi ya baridi juu ya kidonda kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala majivu. Kisha dispensere.

SUMU TAMU

Antigeli nyingi inatengenezwa na etileni glikoli. Ni tamu, na mutoto anaipenda. Yule wa miaka 4, kisha muda mufupi, alianza kuyumba kama mulevi. Nkambo yake alizani ameonja lutuku, akamulaza. Bahati, baba alirudi, akaona chupa imepunguka, akatukimbilia na mutoto mukono mumoja, chupa mukono mwingine. Ile chupa ndiyo ilituambia sumu ni gani. Tulimutuma lopitali jioni ile ile, akapona.

Angelala mpaka asubui, ingekuwa neno lingine. Mwili unageuza sumu hiyo kuwa asidi. Katika siku 1 mpaka 3 vijiwe vidogo vinaharibu figo. Kwa mutu mukubwa, desilitre 1 hivi inaweza kuua; kwa mutoto, vijiko vichache. Katika mwaka 2022, inchini Gambia, watoto zaidi ya 60 walikufa kwa ugonjwa wa figo, na siro walizokunywa zilikutwa na glikoli za jamaa hii.

Basi, mutu akikunywa:
— usingoje alewe; kimbia naye hata kama anaonekana muzima;
— usimutapishe, usimupe mafuta wala pombe nyumbani; dawa iko, lakini ni ya lopitali;
— leta chupa ao bidoni.

Iko pia antigeli ya propileni glikoli, yenye sumu kidogo zaidi. Kama kitabu cha motokari kinaikubali, ni muzuri kwa nyumba yenye watoto. Lakini nayo si kinywaji.

Acha likide katika bidoni yake, na maandishi yake, juu, pahali pa kufunga. Ile ya zamani usiimwange katika kiwanja: imbwa na mbuzi wanairamba. Irudishe garajini.

Ndugu shofere, leo jioni, mbele ya kula, angalia chini ya kitanda na nyuma ya mulango. Kama uko na likide katika chupa ya kinywaji, iondoe leo. Radiatere inauzwa. Figo za mutoto haziuzwe.