Plastiki ya jalalani yaingia barabarani, lakini soko ni jembamba

TAKA za plastiki, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa mzigo kwa halmashauri za miji, zimekwisha kupata bei katika kazi za ujenzi. Husagwa na kuchanganywa katika lami ya barabara, au katika zege na matofali, na katika baadhi ya nchi huuzwa kwa tani kama bidhaa nyingine yoyote.

Hata hivyo, mfanyabiashara mdogo anayetaka kununua mashine ya kusagia hana budi kupiga hesabu ya upande wa mnunuzi kabla ya kutoa mtaji. Mali ghafi si tatizo kubwa, kwani imejaa mitaroni. Tatizo ni nani ataichukua, kwa kiasi gani na kwa bei gani.

Nchi yenye uzoefu mrefu katika biashara hii ni India. Profesa wa kemia R. Vasudevan, wa Chuo cha Uhandisi cha Thiagarajar mjini Madurai, alibuni njia rahisi isiyohitaji mtambo mpya. Kokoto hupashwa moto hadi kiasi cha nyuzi 160 au 170 za Sentigredi, kisha vipande vidogo vya plastiki hunyunyizwa juu yake. Plastiki huyeyuka na kuifunika kokoto kama rangi, ndipo bitumini, yaani ule utomvu mweusi unaoshikanisha lami, humiminwa.

Utando huo huziba vitundu vya kokoto na kuzuia maji yasipenye. Maji ndiyo adui mkubwa wa barabara za lami, na ndiyo chanzo cha mashimo mengi baada ya mvua. Chuo hicho kilipata hataza ya njia hiyo mwaka 2006.

Lakini soko halikukua kwa ubora wa bidhaa peke yake. Mwaka 2013 baraza la wahandisi wa barabara la India lilitoa mwongozo wa kiufundi, na Novemba 2015 serikali ikaagiza plastiki taka itumike katika barabara za lami zilizo ndani ya kilometa 50 kutoka miji yenye watu zaidi ya 500,000. Kuanzia hapo mkandarasi alikuwa na sababu ya kuitafuta plastiki, na msagaji alikuwa na mteja.

Hesabu ya kilometa moja

Kwa hesabu inayotumika sana India, kilometa moja ya barabara ya njia moja, yenye upana wa meta 3.75, huhitaji tani 10 za bitumini. Plastiki ikiingizwa, bitumini hupungua hadi tani 9 na plastiki huchukua nafasi ya tani 1.

Tuchukue mfano. Bei ya tani ya bitumini iwe 100, na ya plastiki iliyosagwa na kufikishwa kwenye mtambo iwe 60. Bila plastiki mkandarasi atalipa 1,000. Akiitumia atalipa 900 na 60, jumla 960. Ameokoa 40, yaani asilimia 4 tu ya gharama ya bitumini.

Bei ya mafuta ikishuka duniani, bitumini nayo hushuka. Ikifika 70, mkandarasi asiyetumia plastiki hulipa 700, na anayeitumia hulipa 690. Faida imebaki 10, na kwa kiasi hicho wengi hawatajisumbua. Wakati huohuo msagaji hawezi kushusha bei kirahisi, kwa sababu ujira wa waokotaji, umeme, maji ya kuoshea na nauli ya lori havishuki kwa kufuata pipa la mafuta.

Hesabu ya pili ni ya wingi. Mashine ya kutoa tani 1 kwa siku, ikifanya kazi siku 300, itatoa tani 300. Hizo zinahitaji kilometa 300 za njia moja, au 150 za njia mbili, kila mwaka. Huo ni umbali unaopungua kiasi kuliko kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na ni kwa mashine moja.

Si kila plastiki inafaa

Plastiki za mifuko laini, vifungashio na madumu huyeyuka chini ya joto la mtambo wa lami. Chupa za maji na soda, za plastiki aina ya PET, huhitaji kiasi cha nyuzi 250, hivyo hazifai kwa njia hii. PVC, inayotengeneza mabomba, hairuhusiwi kabisa kwa kuwa ikichomwa hutoa gesi yenye asidi. Shehena iliyochanganywa ovyo inaweza kukataliwa yote, kwa hiyo thamani ya biashara hii iko katika kuchambua kuliko kusaga.

Kwa upande wa zege, plastiki iliyosagwa huweza kuchukua nafasi ya sehemu ndogo ya mchanga au kokoto. Nchini Costa Rica kampuni ya CRDC hutengeneza punje za aina hiyo kutokana na plastiki mchanganyiko. Lakini saruji haishikani vizuri na plastiki, na kadiri plastiki inavyozidi ndivyo nguvu ya zege inavyopungua. Nguzo na mihimili si mahali pa kufanyia majaribio. Matofali yasiyobeba uzito ndiyo yanayofaa zaidi.

Njia ya tatu imeonekana Nairobi. Kampuni ya Gjenge Makers, iliyoanzishwa na mhandisi Nzambi Matee, huyeyusha plastiki na kuichanganya na mchanga kupata matofali ya kutandaza uani, yale ambayo Wakenya huyaita kabro. Hapa plastiki hushika nafasi ya saruji yenyewe, hivyo kila meta ya mraba humeza plastiki nyingi kuliko lami. Pia mnunuzi anaweza kuwa shule, mwenye duka au mwenye nyumba, asiyehitaji kusubiri zabuni ya serikali.

Soko la nyumbani

Kwa Kenya na Tanzania ipo sababu nzuri ya kuitazama bidhaa hii. Bitumini huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni, na mtambo wa kusafisha mafuta wa Mombasa ulisimamisha usafishaji mwaka 2013. Kila tani inayookolewa ni dola zilizobaki nchini.

Upande wa mali ghafi, mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019. Mkusanyaji hubaki na vifungashio vya viwandani, madumu na vifaa vya nyumbani vilivyovunjika.

Yapo pia maswali ya usalama. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2023 ilieleza kuwa bado utafiti unahitajika kuhusu moshi unaowapata wafanyakazi, chembechembe za plastiki zinazomomonyoka barabarani, na namna lami hiyo itakavyotumika tena ikichakaa. Mamlaka ikiweka masharti mapya, gharama zitamwangukia msagaji.

Mkandarasi hufuata mkataba wake. Ikiwa plastiki haimo katika masharti ya kazi, mhandisi msimamizi hataipokea hata ikitolewa bure. Kwa hiyo mwekezaji asome kwanza nyaraka za zabuni za wakala wa barabara, kisha atafute mnunuzi wa maandishi, ndipo aulizie bei ya mashine. Mwenye mtaji mdogo ana nafasi nzuri zaidi katika kuchambua na kuuza kwa aina, kwani plastiki safi iliyochambuliwa ina wanunuzi wengine viwandani hata barabara zisipojengwa.