Mashuka ya Msimu wa Joto: Lebo Inauza, Utitiri Wanabaki

Joto la kaskazi linapoanza kubana Dar es Salaam, wauza mashuka wa Kariakoo nao hubadilisha mpangilio. Maduveti mazito yanakwenda nyuma, mbele yanatandazwa mepesi yenye lebo za kuvutia: "pamba tupu", "nyuzi 1000", "mwanzi", na hata "haileti mzio". Mzazi mwenye mtoto wa pumu hana muda wa kubishana na lebo hiyo ya mwisho. Anatoa hela.

Anachonunua mara nyingi ni ulaini tu. Utitiri wa vumbi, wadudu wenye urefu wa kama theluthi moja ya milimita, hawanywi maji. Hufyonza unyevu wa hewani na kula magamba ya ngozi yetu. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 50 kwa muda mrefu hukauka na kufa. Pwani yetu unyevu hupita asilimia 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo hakuna uzi utakaowafukuza kwa jina lake. Kinachomkaba mgonjwa wa pumu ni hasa kinyesi chao, na hicho huzuiwa kwa mambo mawili: kitambaa kilichobanwa sana na maji ya moto, nyuzi joto 60, kila wiki.

Sasa pima lebo kwa kipimo hicho. "Nyuzi 1000" kwa inchi ya mraba mara nyingi hupatikana kwa kuhesabu kila kiuzi kilichosokotwa ndani ya uzi mmoja. Shuka la pamba la 250 lililofumwa vizuri linaweza kulishinda la 1000. "Mwanzi" ndio wenye hadithi ndefu zaidi. Nguo nyingi za jina hilo ni viskosi, mti uliosagwa na kuyeyushwa kwa kemikali, na mwaka 2022 kampuni za maduka Kohl's na Walmart zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 5.5 nchini Marekani baada ya serikali kuzishtaki kwa kuuza viskosi kama mwanzi. Ubaya wake kwetu ni mwingine: viskosi ikilowa hupungua nguvu, wakati pamba ikilowa huimarika. Shuka la kufuliwa kwa maji ya moto kila Jumamosi liwe la pamba, tena si lazima la bei mbaya.

Pesa iliyobaki iende kwenye godoro na mito, maana huko ndiko wadudu walikojichimbia. Wengi huacha nailoni ya kiwandani juu ya godoro la sponji. Inazuia, sikatai, lakini usiku inachakacha na mgongo unalowa jasho. Kinachotakiwa ni kava la zipu linalofunika pande zote sita, lenye vitundu visivyozidi mikrometa 10, linalopitisha hewa. Tafiti za miaka ya 1990 zilikuta mito ya nyuzi za viwandani ikiwa na vizio vingi kuliko ya manyoya. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba manyoya huhitaji kitambaa kilichobana ili yasichomoze.

Hapo ndipo ninapoona biashara iliyolala. Pamba ya Simiyu na Shinyanga kwa sehemu kubwa inasafirishwa ghafi, na mafundi wa kushona kava wapo kila mtaa. Kinachokosekana ni kitambaa chenyewe, chenye cheti cha vipimo. Muuzaji akikuletea kava, liinue kwenye taa. Ukiona vitundu, mrudishie. Usipoviona, bado mwombe cheti, kisha angalia kama zipu imefunikwa kwa utepe, kwa sababu vumbi hupita hata katikati ya meno yake.