Gari la Kikundi Likigonga Gia, Msikimbilie Kununua Giaboksi

Kwa kikundi chenye gari, hakuna neno la kutisha kama hili la fundi: "Giaboksi imekufa, leteni nyingine." Michango ya wanachama ya mwaka mzima yaweza kuishia hapo. Sisi tulikaribia. Pikapu yetu ya kubeba maziwa, ambayo ni ya otomatiki, ilikuwa inagonga "du!" kila ikibadilisha gia. Kabla ya kutoa pesa tulikaa chini tukachunguza jambo moja baada ya lingine.

Kwanza tuelewane. Gari la otomatiki halina klachi ya mguu. Ndani ya giaboksi kuna klachi kadhaa za sahani, nazo husukumwa na nguvu ya oili. Oili ikipungua, ikichakaa au ikiwa si aina yake, gia huchelewa, halafu hushika kwa kishindo.

1. Pimeni oili. Egesheni gari mahali tambarare na mvute breki ya mkono. Kwa magari mengi, injini huwa imepata moto na inaunguruma. Dereva akanyage breki, apitishe gia zote polepole, arudishe kwa P. Chomoeni dipstiki, mpanguse, mrudishe, mchomoe tena. Oili kidogo ni mbaya, na ikizidi pia ni mbaya, maana hufanya povu na povu halina nguvu ya kusukuma. Magari mengine hupimwa injini ikiwa imezimwa, na mengine hayana dipstiki. Someni kitabu cha gari.

2. Iangalieni na mnuse. Oili nyingi za otomatiki zikiwa mpya ni nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi zimeanza kuisha. Ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia, mara nyingi kutoka kwa rejeta. Msiliendeshe tena.

3. Linagonga lini? Likigonga limesimama, mnapotoa N kuweka D, huenda injini inazunguka kasi mno. Tazameni pia mipira ya maunti ya injini na ya giaboksi, kama imekatika. Kisha zimeni injini, wekeni mawe kwa magurudumu, mtikise propela kwa mkono. Ikicheza sana, krosi zimelika. Mtu asiingie chini ya gari injini ikiwa inaunguruma.

4. Likigonga likiwa mwendoni tu: kwa magari ya zamani, angalieni kebo inayotoka kwa akselereta hadi giaboksi. Kwa mapya, kazi hiyo hufanywa na kompyuta. Taa ya injini ikiwaka, au gari likikwama kwa gia moja, tafuteni fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta hiyo kabla ya kufungua chochote.

Sisi tulipata nini? Oili ilikuwa safi na ya kutosha. Kumbe mpira wa maunti ya giaboksi ndio ulikatika, basi giaboksi nzima ikawa inaruka na kugonga. Tulinunua mpira, si giaboksi.

Kwa hivyo, ndugu zetu, kabla mweka hazina hajatoa pesa, mwulizeni fundi: Umepima oili? Umetazama maunti na krosi? Umesoma kompyuta? Majibu yaandikwe katika daftari la gari. Na oili ikiongezwa, iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu, si ile iliyo karibu dukani.