Tathmini ya Programu za Kiingereza Chuoni: Mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha stadi za mawasiliano ili kuwasaidia wanafunzi kumudu masomo yao kwa Kiingereza. Mwaka 1984 ripoti ya Criper na Dodd ilionyesha kuwa chini ya asilimia 20 ya wanafunzi wa chuo hicho waliopimwa ndio waliofikia kiwango cha kusoma kwa wepesi hata vitabu vyepesi vya taaluma zao. Je, matokeo hayo yanathibitisha kuwa kitengo kilishindwa? Makala hii inaeleza kwa nini jibu halipatikani katika takwimu hiyo pekee.

2.0 Kiwango na Maendeleo

Kipimo cha kiwango hueleza mwanafunzi alipo, hakielezi alikotoka. Wanafunzi wa wakati huo walikuwa wamefundishwa kwa Kiswahili miaka 7 ya shule ya msingi, kisha kwa Kiingereza miaka 6 ya sekondari. Upungufu uliojengeka kwa kipindi chote hicho hauondolewi na kozi ya saa chache kwa juma. Kwa hiyo, tathmini ya haki humpima mwanafunzi anapoingia na anapomaliza kozi, kwa majaribio yenye ugumu sawa, na humlinganisha na mwenzake ambaye hakuipitia.

3.0 Kinachopimwa

Jaribio la kujaza mapengo ni rahisi kusahihisha, lakini halioneshi kama mwanafunzi anaweza kufuata mhadhara na kuandika muhtasari wake. Mwanafunzi wa sheria husoma hukumu ndefu. Wa uhandisi hueleza hatua za mchakato. Inafaa, basi, kupima kazi hizo zenyewe, na kuwashirikisha wahadhiri wa masomo husika.

Aidha, mtathmini hana budi kutenganisha upungufu wa lugha na upungufu wa maarifa. Njia mojawapo ni kuwauliza baadhi ya wanafunzi swali lile lile kwa Kiswahili. Anayekwama kwa Kiingereza, kisha akalijibu barabara kwa Kiswahili, hakukosa somo. Amekosa chombo cha kulielezea.

4.0 Hitimisho

Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Criper na Dodd, licha ya waliyoyaona, walishauri Kiingereza kiendelee, na mwaka 1987 ukaanza mradi wa kuimarisha ufundishaji wake kwa msaada wa Uingereza. Mfuatano huu unaonyesha mpaka wa tathmini ya programu. Tathmini huweza kubainisha kama kozi inafundishwa vema, na hiyo ni kazi muhimu. Haiwezi, peke yake, kuamua kama mzigo uliotwikwa kozi hiyo ulistahili kubebwa nayo. Swali hilo ni la sera ya lugha, na kulijibu kwa alama za mtihani wa Kiingereza ni kumhukumu mwalimu kwa uamuzi ambao hakuufanya.