Motokari Iliyonyimwa Cheo

Tumezoea kufungua kifuniko cha mbele tupate kuutazama mtambo wa motokari. Lakini katika Ferrari 250 LM mtambo haupo mbele. Umewekwa nyuma ya mgongo wa dereva, kabla ya magurudumu ya nyuma. Mtambo ni mzito sana, na uzito huo ukikaa karibu na katikati, motokari hugeuka upesi penye kona. Tena uso wake waweza kuinama chini, upepo ukapita bila kizuizi.

Bwana Enzo Ferrari wa Italia alikawia kuifuata njia hiyo. Walakini mwaka 1963 motokari yake 250 P, yenye mtambo katikati, ilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, katika Ufaransa. Mwaka huohuo akaonyesha mjini Paris ndugu yake mwenye paa, ndiyo 250 LM.

Hapo likazuka shauri. Sheria ilidai ziundwe motokari 100 za namna moja, ndipo zipate kushindana katika fungu la motokari za kuuzwa kwa watu. Ferrari aliunda 32 tu. Akajitetea kwamba si motokari mpya, ni ile 250 GT ya zamani iliyoendelezwa. Twaona hoja hiyo ilikuwa dhaifu, maana hata mtambo wenyewe ulikuwa umehama! Wenye sheria wakakataa. Ferrari akakasirika kwa kuwa chama cha motokari cha Italia hakikumtetea. Mwisho wa mwaka 1964 motokari zake za mbio kuu zikakimbia Marekani na Mexico zikiwa nyeupe na buluu, si nyekundu.

Basi 250 LM ikalazimika kupambana na motokari za majaribio zenye nguvu kuipita. Juni 1965, huko Le Mans, Masten Gregory wa Marekani na Jochen Rindt wa Austria walipewa moja. Mapema mtambo ukawasumbua, wakaachwa mbali. Wakaazimu kukimbia bila kuihurumia motokari. Usiku kucha motokari mpya za Ford na za Ferrari zikaharibika moja moja. Jumapili, 250 LM nyingine iliyokuwa ikiongoza ikapasuka gurudumu, nao wakaipita, wakashinda.

Tangu siku ile Ferrari haikushinda tena Le Mans mpaka mwaka 2023. Na motokari yenyewe ya Gregory na Rindt iliuzwa kwa mnada mjini Paris, Februari 2025, kwa zaidi ya euro milioni 34.