Penny Red: Stempu Kongwe Isiyo Ghali

Je, wajua kwamba stempu yenye umri wa zaidi ya miaka 140 inaweza kununuliwa London kwa bei ya kikombe cha kahawa? Ni Penny Red ya Uingereza, ile nyekundu yenye sura ya Malkia Victoria. Ilitolewa mwaka 1841, baada ya Penny Black, stempu ya kwanza duniani, kuonekana ina kasoro: mhuri mwekundu uliogongwa juu ya weusi wake ulifutika kirahisi, na watu wangeweza kuitumia tena. Stempu nyekundu iligongwa mhuri mweusi, ikadumu karibu miaka 40, na ilichapwa kwa mabilioni. Ndiyo maana ukongwe wake peke yake hauinui bei.

Kinachopimwa kwanza ni hali yake. Stempu adimu husamehewa kona iliyochanika, kwa kuwa mnunuzi hajui ataipata wapi nyingine. Penny Red zimejaa tele, hivyo yenye dosari huwekwa kando ikachukuliwa nyingine.

Ukaguzi mzuri huanzia mgongoni. Mkusanyaji huishika stempu kwa kibano, maana mafuta ya vidole huacha madoa, kisha huilaza kifudifudi juu ya kisahani cheusi na kuidondoshea kimiminika maalumu. Hapo hujitokeza taji lililofichwa ndani ya karatasi kama alama ya maji. Hujitokeza pia yale ambayo uso ulikuwa umeyasitiri: mkunjo wa zamani, au mahali karatasi ilipobaki nyembamba kwa sababu aliyeitoa kwenye bahasha aliing'oa badala ya kuiloweka. Dosari hiyo ya nyuma hupunguza bei vibaya sana, hata rangi ikiwa bado inang'aa. Wanaoanza hutazama uso tu, na hapo ndipo hununua hasara.

Meno ya pembeni nayo hukaguliwa moja moja. Penny Red ina tatizo la kuzaliwa nalo: karatasi ililoweshwa kabla ya kuchapwa, ikasinyaa ilipokauka, na matundu yalitobolewa baadaye. Nyingi zina picha iliyoegemea upande mmoja, meno yakiwa yamekula herufi za pembeni. Iliyokaa katikati sawasawa ni nadra, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo inayostahili kulipiwa zaidi kuliko yenye rangi kali.

Mhuri mzito unaoufunika uso wa malkia hushusha bei, lakini usiitupe stempu kabla hujausoma. Ofisi za posta zilipewa namba. A25 ilikuwa Malta, A26 Gibraltar, na B01 ilikuwa posta ya Waingereza huko Alexandria, Misri. Alama kama hiyo ikisomeka vizuri, thamani hupanda hata kama mhuri ni mweusi tii. Na stempu ikiwa bado imebandikwa kwenye bahasha yake, usiibandue: tarehe, njia na anwani ni sehemu ya thamani yake.

Halafu iko namba ya stempu yenyewe. Karatasi moja ya stempu ilikuwa na safu 20 zenye stempu 12 kila moja, jumla 240, sawa na pauni moja ya enzi hizo. Herufi za pembeni huonyesha stempu ilikaa wapi: AA ya kwanza, TL ya mwisho. Kuanzia mwaka 1864 namba ya bamba la kuchapia nayo ilichorwa ndani ya mapambo ya ubavuni, ndogo kiasi cha kuhitaji lenzi. Namba hizo huanzia 71 hadi 225. Nyingi ni za bei ndogo. 225 ni adimu kidogo. Bamba 77 lilikataliwa, lakini karatasi chache zake ziliponyoka zikaingia posta, na stempu zinazojulikana leo zinahesabika kwa vidole. Moja yake hugharimu maelfu kwa maelfu ya pauni, iwe imechoka au la.

Kila anayefungua albamu ya zamani huitafuta 77, na wengi hudhani wameipata ilhali wameshika 177 ambayo 1 yake imefunikwa na wino wa mhuri. Namba imechorwa kushoto na kulia, kwa hiyo pande zote mbili husomwa. Wapo pia waliokwangua 1 hiyo ya 177 kwa makusudi, na hapo lenzi hutafuta karatasi iliyochubuka.