Damu Puani: Bana Pale Ateri Zinapokutana

Mtoto akitoka damu puani, wengi wetu humwinua kichwa na kummwagia maji utosini. Damu huacha kuonekana, lakini haijakoma: inateremka kooni, anaimeza, kisha anatapika. Namna sahihi ya kuizuia imo katika mpangilio wa ateri za pua.

Pua hupasha hewa joto na kuitia unyevu kabla haijafika mapafuni, kwa hiyo inahitaji damu nyingi. Ateri kuu ya shingoni hugawanyika matawi mawili. Ya nje huzaa ateri ya taya la juu, inayolisha sainasi (mianya ya hewa iliyo mifupani) za mashavuni, na tawi lake la mwisho huingia puani kwa nyuma likiwa na sehemu kubwa ya damu. Ya ndani hupanda fuvuni na kuzaa ateri ya jicho, ambayo matawi yake membamba hulisha sainasi zilizo kati ya macho na paa la pua.

Matawi ya pande zote mbili hukutana mbele, kwenye ukuta unaotenganisha matundu ya pua, kama gari la Kibaha lipitalo Barabara ya Morogoro na la Kisarawe lipitalo Pugu yanavyokutana katikati ya Dar es Salaam. Njia moja ikifungwa, nyingine hupitisha. Ndiyo maana daktari akifunga ateri moja, damu huweza kuendelea kutoka. Mmarekani James Little alieleza makutano hayo mwaka 1879, na Mjerumani Wilhelm Kiesselbach mwaka 1884. Utando wa hapo ni mwembamba. Ukikauka, ukiathiriwa na mafua au ukikwaruzwa na kucha, hupasuka. Takriban visa 9 kati ya 10 huanzia hapo.

Basi mkalishe mgonjwa, ainame mbele, apumue kwa mdomo. Bana sehemu laini ya pua, si mfupa, kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia.

Isipokoma, au ikimwagika kooni kama ilivyo kwa baadhi ya wazee, chanzo huenda kiko nyuma, vidole visikofika: nenda hospitali. Aliyeumia kichwa katika ajali, akitokwa na majimaji maangavu yaliyochanganyika na damu, huenda amevunjika sakafu ya fuvu. Huyo usimzibe pua. Awahishwe Hospitali ya Tumbi, Kibaha, au hospitali iliyo karibu.